Fundi wa Kanda Aliyetubana Sote

Fundi wa Kanda hakupenda kusalimiwa akiwa kazini. Ukimwamkia shikamoo naye ameshika kamera, marahaba yako uliipata baada ya nusu saa, umeshasahau, tena kutoka upande wa pili wa turubai, kwa sauti ya kushtua wageni. Wengi walimwona ana kiburi. Mimi nilikuja kuelewa baadaye kwamba hakuweza kufanya mambo mawili kwa pamoja, na kutazama kwake ilikuwa kazi nzima.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, upande wetu wa Tabora, hakuna harusi wala msiba uliopita bila bega lake. Alianza na kamera nzito ya kanda za video, akaja na ndogo zaidi, akaja na ya kadi, lakini jina la kanda halikumtoka. Sasa nyumba yake, hapa mtaani kwetu Isevya, ina kufuli. Nimeona nimwandike kabla watu hawajazoea kumsema kwa jambo moja tu, lile la mwisho, ambalo hakulifanya peke yake.

Mimi ni mteuzi wa tumbaku. Masoko yakifunguliwa nakwenda Urambo, nasimama kati ya mitumba, yale marobota ya majani, tangu asubuhi, nachomoa jani, naligeuza kwenye mwanga, nataja daraja lake. Mkulima aliyelima mwaka mzima anacheka au anashika kichwa kwa neno langu moja. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele itanibidi nieleze aibu yangu, na aibu hiyo ni ya macho.

Msibani Fundi hakupiga picha ya uso wa maiti. Ilipofika saa ya kuaga, watu wakipanga mstari kulizunguka jeneza, yeye alishusha kamera na kusubiri. Siku moja mkwe wa marehemu, mtu wa Igunga mwenye ng'ombe zake na sauti yake, alimwamuru apige.

"Huyu mmekaa naye miaka sabini," Fundi akamjibu, "mlikuwa mnatazama wapi? Niacheni niwapige walio hai. Mmoja wao ndiye wa mwakani."

Wazee waliguna. Maneno gani hayo ya kusema kwenye matanga? Lakini mwaka uliofuata alikufa yule yule mkwe, na watoto wake walikuja mbio Isevya kuuliza kama kuna mahali baba yao ameonekana akisema. Alikuwepo, ameshika fimbo, akimgombeza mpiga video.

Harusini alianzia jikoni. Bibi harusi yuko ndani anapambwa, ndugu wanamtafuta Fundi, naye yuko nyuma ya nyumba anawapiga wapishi wakigeuza pilau. Wateja walilalamika sana. Bwana harusi mmoja alimfuata hadi nyumbani na kumwambia, "Mzee, nimekuita upige harusi, umeniletea masufuria." Fundi akamwuliza kama anamjua mama mwenye kilemba aliyepika siku ile. Hakumjua. "Basi sasa unamjua," akasema, na kufunga mlango.

Usidhani alikuwa mtu wa huruma. Alikuwa mkali, mchoyo wa sukari, na akikuchoka alikwambia amekuchoka. Aliwatunza watu wote wa mji lakini yeye mwenyewe hana picha hata moja. Ukimwelekezea simu aliinua kiganja mbele ya uso. Kanisani aliingia akiwa na kamera tu, na bila kamera hakuingia. Wanawe walikuwa Mpanda, na sikumsikia akiwataja ila walipompigia. Hata hivyo, mtu akija kuulizia sherehe ya zamani, hata asiyejua mwaka, Fundi alifungua madaftari yake na kuipata, kwa sababu aliandika mambo kwa namna yake: harusi ya Isikizya, mvua kubwa, shangazi mwenye kitenge cha samaki, keki imeanguka.

Kanda zake zilianza kuota ukungu. Kisha mchwa wakaja. Watu wa Tabora hawahitaji kuelezwa habari za mchwa. Mimi walinilia albamu yote ya harusi, nikabaki na majalada na vumbi. Fundi hakungoja zaidi. Alinunua kompyuta iliyotumika, akaunganisha deki ya kuchezea kanda, akakaa msimu wa masika mzima akizicheza kanda moja moja na kuziingiza kwenye diski. Zilizokwisha alizichoma nyuma ya nyumba, moshi mweusi ukapanda, majirani wakafunga madirisha.

Halafu akafanya jambo ambalo mtaa haujapata kuliona. Alisimika bomba refu juu ya paa, akafunga antena, akawafungulia majirani waifai ya nyumba yake. Ukikaa kwako ukawasha runinga au simu, unakuta orodha: harusi, ubatizo, misiba, mahafali. Unachagua yako, inacheza kutoka kwenye kompyuta ya Fundi. Wa mbali aliwapa kwenye flashi. Kulikuwa na bibi mmoja mtaani aliyetazama maziko ya mumewe kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, akimaliza anazima na kwenda kulala.

Kwa Fundi, kazi kubwa ilikuwa kuchagua namna ya kuzihifadhi video hizo, na hapo ndipo alipokuwa mwalimu hasa. "Watu wananiambia nipe MP4, nipe MP4," alinieleza. "MP4 ni begi, Mteuzi. Begi lolote ni begi. Uliza nguo zimekunjwaje humo ndani."

Kulikuwa na mkunjo wa zamani na mkunjo mpya. Wa zamani unakula nafasi, lakini kila runinga na kila simu inajua kuukunjua. Mpya unaingiza video ile ile kwenye nusu ya nafasi, ila chombo kisichoujua kinakupa sauti gizani. Kompyuta yake ingeweza kumkunjulia mtu mwenye runinga ya zamani, lakini ilikuwa dhaifu, ikifanya hivyo ilipata moto na picha ikaenda kwa kurukaruka. Kwa hiyo kwa miaka alishikilia wa zamani. Alisema mkunjo mzuri ni ule ambao mama wa Sikonge ataukunjua bila kumpigia mtu simu.

Mama wa Sikonge alikuwepo kweli. Tulimwita Mama Asali, maana aliuza asali sokoni hapa Tabora kwa chupa na madumu. Binti yake aliolewa mwaka ule ule niliooa mimi, na akafa kwa homa kabla hajapata mtoto. Mama Asali alikuja kwa Fundi mara kwa mara kuijaza flashi yake upya, kwani alikuwa anaiweka kwenye mfuko wa gauni pamoja na hela zenye asali, na flashi haipendi asali.

Juu ya mkunjo kulikuwa na namba. Namba ndogo, picha inabaki safi na faili linakuwa kubwa. Ukipandisha namba unabana, faili linapungua, na picha inalipia. Wateja walimtaka awape picha safi kama za siku hizi kutoka kwenye kanda ya zamani, naye aliwaambia maji ya kikombe hayawi ya ndoo kwa kubadili chombo. Kipimo chake cha kubana kilikuwa kimoja, alinifundisha bila mimi kuomba:

"Simamisha picha. Mtazame mtu macho. Ukiona weupe na weusi wa jicho, uko salama. Ukiona giza moja tu, umebana mno. Rudi nyuma."

Nilimpenda kwa hilo. Ni kazi yangu ile ile: shika kitu, kipeleke kwenye mwanga, usijidanganye.

Mke wangu alikufa mtoto wetu akiwa na miezi minane. Albamu ililiwa na mchwa kama nilivyosema, na picha ya pekee iliyobaki ni ile ndogo ya kitambulisho, muhuri umepita katikati ya uso. Nikabaki na video ya harusi yangu tu, kule kwa Fundi. Binti yangu alilelewa Nzega kwa bibi yake, akaja kwangu likizo, na kila likizo aliniomba nimwonyeshe mama yake akitembea na kusema. Kila mara nilimwambia mwakani. Sikuweza. Nilikuwa naogopa kuiona, na nikajiambia kwamba namwekea akiba, kwamba kule kwa Fundi mama yake hachakai. Huo ndio ukweli, na sina wa kumlaumu.

Radi ilipiga mwanzoni mwa masika. Tabora radi si habari, lakini ile ilishuka kwenye bomba la antena ikaingia ndani na kuua diski moja kati ya tatu. Kwa bahati, yaliyokuwa humo yalikuwa pia kwenye nyingine. Fundi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Aliapa kwamba kila video itakaa kwenye diski mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Shida ni kwamba diski mbili zilizobaki zilikuwa zimejaa tayari, na duniani hakukuwa na mtu wa kumnunulia nyingine.

"Futa baadhi," nikamshauri. "Kuna hotuba za washereheshaji humo, kuna harusi ambazo wenyewe walishaachana. Kuna watu hawana hata wa kuwaulizia."

Alinitazama kama nimemwambia auze nyumba.

"Nani hana mtu? Nionyeshe mmoja. Mimi niketi hapa nichague nani abaki na nani aende? Nani kanipa kazi hiyo?"

Hakutaka kumfuta yeyote, kwa hiyo aliamua kumbana kila mtu. Mkunjo mpya, na namba ya juu kuliko alizowahi kutumia. Sheria yake ya mama wa Sikonge akaivunja mwenyewe; alisema watu watanunua runinga mpya, lakini watu hawanunuliki.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nilipita kwake asubuhi, na begi langu mkononi, gari la Urambo likiningoja stendi. Nilimkuta Mama Asali amekaa kwenye kigoda akisubiri flashi yake. Fundi alikuwa ametukaribisha chai, jambo la nadra, na alikuwa ameweka sukari. Kwenye skrini kulikuwa na picha mbili ubavu kwa ubavu, harusi moja, watu wanacheza. Kushoto ilikuwa haijabanwa, kulia imebanwa. Mwanga wa skrini ulikuwa mkali mpaka unaumiza, naye alikuwa ameinama karibu sana, akifuta miwani kwa pindo la shati, akiivaa, akiivua, akiifuta tena. Miezi ile alikuwa anaifuta sana miwani yake.

"Nimejaribu wiki tatu," alisema. "Namba hii ikikubali, wote wanaingia, mara mbili. Hakuna anayeachwa. Mimi sioni tofauti kati ya hizi mbili. Mteuzi, wewe unaona?"

Niliona. Sikuhitaji hata kusogea. Upande wa kulia mikunjo ya khanga ilikuwa imeshikana, na nyuso zilikuwa zimepakwapakwa kama ukuta uliopigwa udongo kwa kiganja. Hata lingekuwa jani kwenye mwanga hafifu, ningeona daraja limeshuka.

Lakini kwetu mtu mzima humkosoi kwenye kazi yake mwenyewe, nyumbani kwake, mbele ya mgeni, chai yake ikiwa mkononi mwako. Nilifikiri kwamba anaona ninachoona na anataka tu kutiwa moyo. Nilifikiri yeye ndiye fundi. Na gari lilikuwa linanisubiri. Watu husema heshima ni kitu cha bure, nami nikaitoa kama kitu cha bure.

"Zote zinafaa, Mzee," nikasema.

Akageukia kigoda. "Na wewe, mama?"

Mama Asali alitazama skrini, akanitazama mimi, akainamisha macho kwenye kikombe. "Nzuri, baba," akasema. "Nzuri tu."

Fundi alishusha mabega. Nilimwona amepata nafuu, nikafurahi nafsini kwamba nimemfanyia wema mzee wa watu. Nikanywa chai yangu, nikaondoka.

Kompyuta ile ilifanya kazi miezi miwili, feni ikiunguruma, umeme ukikatika anaanza upya. Kila video iliyokwisha kubanwa ilifuta ile kubwa ili kupisha nakala ya pili. Kanda zilikuwa majivu zamani. Alipomaliza, kila mtu wa mtaa wetu alikuwa kwenye diski mbili, salama dhidi ya radi.

Mama Asali ndiye aliyeanza kuja getini kwa Fundi. Nilikuwa napita na baiskeli nikamsikia kutoka mbali, yeye ambaye sokoni huongea kwa upole hata na wezi.

"Umenifanyia nini, baba? Umemfanya nini mwanangu? Nimeazima simu nzuri ya watu nimwone, hana sura! Nimemzaa na sura!"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu, anasikiliza. Nami sikushuka kwenye baiskeli. Nilijiambia kwamba labda flashi yake imeingia asali tena, nikakanyaga pedali.

Binti yangu alirudi Tabora mwaka huu kuolewa. Zikiwa zimebaki wiki mbili, alisema safari hii hakuna mwakani. Alitaka kipande cha mama yake kionyeshwe kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga, watu wamwone, na kwanza alitaka amwone yeye. Tukakaa sebuleni, tukawasha runinga yangu ya zamani, tukachagua harusi yetu. Ikaja sauti bila picha. Kwaya, kisha mchungaji, kisha mke wangu anakubali kuolewa nami, sauti safi kabisa, yenye mafua kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba siku ile alikuwa na mafua. Nililia, sikujificha. Binti yangu hakulia. Alichukua simu yake mpya, akaifungua video humo, picha ikaja.

Alitazama kwa muda.

"Baba, mama ni yupi hapa?"

"Huyo mwenye nyeupe."

Akaisogeza simu karibu, akaivuta picha kwa vidole viwili, akaivuta tena.

"Hana uso," akasema.

Kesho yake, saa nne hivi, nilikwenda kwa Fundi. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naibeba mbele kama ngao ili nisiangalie kilichokuwa nyuma yake. Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, ameikabili skrini iliyozimwa.

"Nani?" akauliza.

Mtu huyu alikuwa anatambua watu kwa mwendo kutoka mwisho wa mtaa. "Mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, Mteuzi."

Aliitikia pale pale, na kwa hilo peke yake hasira yangu ikaisha, nikaingiwa na woga. Nilivuta kigoda. Macho yake yalikuwa yanatazama kushoto kwa bega langu.

Alinieleza kwa ufupi, kama anavyoeleza mtu hitilafu ya mashine. Presha ya macho. Daktari alisema amechelewa. Jicho la kushoto limekwisha zamani, la kulia linaona mlango ukiwa wazi na mlango ukiwa umefungwa, basi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Ukungu ulianza kabla ya radi. Nikadhani ni miwani."

Hapo nilihesabu. Tangu kabla ya radi. Wiki zile tatu, skrini iliyowaka mpaka inaumiza, pindo la shati. Alipotwambia haoni tofauti alikuwa anasema kweli tupu, na alituuliza sisi wawili kwa sababu hiyo. Mimi ninayekula kwa kuona, nilikaa na mtu aliyekuwa anapofuka, futi mbili kutoka kwangu, nikaona chai tu.

"Wanakuja watu getini," aliendelea. "Wananitukana. Mimi nikifungua nasikia sauti safi, sijui wanatukana nini. Na sitaki kuwauliza, watanihurumia. Nifungulie moja. Fungua yako."

Niliwasha. Nikaitafuta harusi yangu, nikaipeleka kanisani. Mke wangu akasema maneno yake, na mafua yake.

"Simamisha," Fundi akaniamuru. "Mtazame macho. Yanaonekana?"

Ningeweza kusema yanaonekana, na nani angejua? Angekaa na amani yake miaka iliyobaki. Nilikuwa nimeshampa amani ya namna hiyo mara moja.

"Hayaonekani, Mzee."

"Weupe na weusi?"

"Hakuna. Hakuna hata pua."

Aliweka mikono juu ya magoti. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Na siku ile?"

"Siku ile pia niliona," nikasema. "Niliona tangu nilipoingia. Nisamehe."

"Na mama yule?"

"Nadhani naye aliona."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata kosa kwenye hesabu ndefu.

"Mliniheshimu," akasema.

Nilitamani anitukane, anifukuze kama alivyowafukuza wateja wa masufuria. Badala yake aliinua mkono wa kulia mpaka begani, vidole vikakunjika mahali kamera ilipokuwa ikikaa, akageuza uso kidogo.

"Ngoja," alisema. "Mimi nilikuwepo. Mkeo nilimpiga mimi. Nikueleze, ukamwambie binti." Akaanza polepole. "Alikuwa na doa jeusi chini ya jicho la kushoto, dogo, kama punje ya mtama. Ukimpiga kutoka kulia huoni. Pete ilikwama kwenye kifundo cha kidole. Mchungaji akakasirika, yeye akacheka, akakitia kidole mdomoni kukilowesha mbele ya kanisa zima, pete ikapita. Mama mmoja kule nyuma akafunika uso kwa aibu. Ndiye?"

Mke wangu hakuwa na doa. Pete yake ilipita bila shida, tena ililegea. Lakini nilikuwa nimewahi kusimama kwenye meza ya asali na kumsikia Mama Asali akieleza doa la mwanawe chini ya jicho, kwamba bibi yake alisema ni alama ya mtu mwenye bahati.

Uso wa Fundi ulikuwa umenigeukia, unangoja.

"Siye, Mzee," nikasema. "Huyo ni binti wa Mama Asali."

Mkono ulishuka kutoka begani.

"Basi mpelekee," alisema. "Mpelekee leo, kabla na huyo hajaniponyoka."

"Na wangu?"

Alifumba macho, ingawa sijui yalimsaidia nini yakiwa yamefumbwa. Nje mtu alipita akiuza mkaa, akaenda, sauti ikapotea.

"Naikumbuka nyumba," alisema hatimaye. "Masufuria matatu. Mpishi mfupi mwenye kilemba chekundu, alikuwa ananificha mkono wake wenye kovu. Wako simwoni."

Mwezi uliofuata mwanawe alikuja kumchukua kwenda Mpanda. Antena ilishushwa, na diski zote mbili ninazo mimi, sijui kwa nini nilizichukua.

Siku ile ile aliponieleza habari za doa, kutoka kwake nilipitia sokoni. Mama Asali aliponiona alijigeuza upande, akajifanya anapanga madumu. Nilimweleza kila kitu kwa mpango ule ule niliopewa: doa, pete, mchungaji, kidole mdomoni. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipofika kwenye yule mama aliyefunika uso kwa aibu, aliweka chini faneli ya kumiminia asali.

"Nilikuwa mimi," akasema. "Nilimgombeza kwa kile kidole. Siku ya harusi yake nilimgombeza." Akakaa juu ya dumu. "Rudia, baba. Anza kwenye doa."

Nikarudia mara tatu. Nikanunua asali nisiyoihitaji, nikaenda nyumbani.

Binti yangu alikuwa ananingoja barazani na daftari la wageni wa sendofu magotini. Aliuliza Fundi amesemaje. Nikamwambia kweli, kwamba Fundi amepofuka, kwamba kosa ni langu mimi na chai yangu, na kwamba anamkumbuka mpishi wa harusi yetu lakini mke wangu hamkumbuki.

Nilidhani atalia.

"Lakini wewe ulikuwepo, baba," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa umesimama mbele yake. Alikuwaje?"

Akafungua ukurasa mtupu mwishoni mwa daftari, akashika kalamu. Niliweka chupa ya asali chini, nikaketi. Nikaanza na mikono yake, kwa sababu uso ulikuwa hauji.